Miche Iliyoinamia Mlango wa Mego Joska

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi mwaka 2024, saa kumi na moja kasorobo jioni. Concy anaikumbuka saa yenyewe kwa sababu askari wa getini alikuwa amepuliza filimbi ya kubadilishana zamu, na filimbi ilikuwa bado inalia masikioni mwake nailoni ilipopasuka.

Kabla ya hapo ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. Concy, msichana wa miaka kumi na miwili, alirudi kutoka shule, akavua sare, akateka maji, akafagia. Kisha akapanda juu ya pipa ili aishushe nailoni ya kitalu na kuiosha.

Kitalu chenyewe hakikuwa kama vitalu vingine vya Kampala. Concy na baba yake, Konstebo Oyet, waliishi katika kambi ya polisi, na humo familia hukaa kwenye vijumba vya bati vya duara. Milango yake ni mifupi mno, mtu haingii mpaka ainame, ndiyo maana watu wameviita mama-ingia-pole. Vililetwa zamani, vikasemwa ni vya muda. Muda huo bado haujaisha. Watoto wamezaliwa humo, wakazaa, na wakubwa wa polisi wanaendelea kusema ni vya muda.

Kijumba kimoja kiling'olewa paa na upepo. Wakubwa wakaja na utepe, wakapima, wakaandika kwenye faili, wakaondoka. Mama yake Concy hakungoja faili. Alitandaza nailoni nyeupe inayopitisha mwanga mahali pa paa, akapanga mbao ndani, akaanza kuotesha miche ya nyanya na kabichi. Alipofariki, katika hospitali iliyokuwa na rangi mpya ukutani na kabati tupu la dawa, Konstebo Oyet aliendelea na kitalu. Mchana alilinda mlango wa benki kule Nakasero, jioni alimwagilia. Hakujua nyimbo alizoimba marehemu akipandikiza, lakini kumwagilia alijua.

Vumbi la Kampala ni jekundu na halina adabu. Kila Jumanne nailoni iliteremshwa, ikaoshwa, ikarudishwa. Jumanne hiyo Concy alikuwa ameitandaza kwenye majani yaliyolowa mvua, akiisugua kwa kitambaa, rafiki yake Moreen alipotokea.

"Wewe Concy, angalia inavyoteleza!" alisema Moreen. "Tuipeleke mteremkoni. Mara moja tu."

"Baba atanichapa."

"Baba yako anapanga begi la safari. Atakuona na macho gani, ya kisogoni? Mara moja tu, bambi."

Mara moja ikawa mara tatu. Waliteleza kwenye mteremko nyuma ya uwanja wa gwaride, Moreen mbele, Concy nyuma, wakicheka hadi mbavu zikawauma. Mara ya tatu, chini ya nailoni kulikuwa na kigingi cha chuma ambacho hema la zamani liliacha ardhini. Chraaa! Nailoni ikapasuka kutoka ukingo hadi ukingo.

Walisimama wakiitazama kama watu wanaotazama ajali.

"Banange," alinong'ona Moreen. "Ngoja, usilie. Mjomba wangu anabeba mizigo kule madukani Kikuubo. Mabunda ya blanketi yanakuja yamefungwa nailoni nyekundu, kubwa kweli kweli, na wenye maduka wanaitupa. Kesho ninakuletea. Nailoni si nailoni tu?"

Alfajiri ya Jumatano lori liliwachukua Konstebo Oyet na wenzake kwenda kulinda Karamoja kwa wiki mbili. Gizani hakutazama kitalu. Alimwambia tu binti yake, "Mbegu zimelala kwenye udongo. Zimwagilie, zitaamka." Jioni hiyo nailoni nyekundu ikapandishwa, ikakazwa kwa mawe na kamba.

Waliingia ndani kuitazama. Mwanga ulikuwa mwekundu, mwekundu wa ndani ya kinywa cha mtu. Maji kwenye kopo yalionekana kama damu. Concy aliinua mikono yake mwenyewe akaiona kama ya mtu mwingine, mtu ambaye hakumjua na asiyetaka kumjua.

"Mimi naenda nyumbani," alisema Moreen.

Mwanga wa kawaida uliingia kwenye kitalu kile mahali pamoja tu. Ukutani kulikuwa na kidirisha kidogo, kama daftari la shule, kisicho na kifuniko. Kilitazama moja kwa moja mlango wa jirani, hatua nane kutoka pale. Hapo aliishi Mego Joska.

Waacholi humwita mama mtu mzima mego, na kambi nzima ilimwita hivyo, hata wasio Waacholi. Mume wake alikuwa sajini, akafa kazini. Wakubwa walipiga saluti kaburini, wakarudi, wakaanza kumuuliza mjane atahama lini. Hakuwa na mtoto wala pa kwenda. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake, akifunga fagio za nyasi na kuimba chini chini wimbo usio na maneno. Na kulikuwa na jambo lingine lililowafanya watoto wampite mbio. Mtu akifa kambini, Mego Joska ndiye aliyeitwa kumwosha na kumvalisha. Ndiye aliyemwosha mama yake Concy.

Siku ya tano mbegu ziliota. Siku ya nane Concy alianza kuogopa.

Miche haikuwa kama miche aliyoizoea. Ilikuwa mirefu, myembamba kama nyuzi, imepauka. Majani yalikuwa madogo, yamejikunja kama mikono ya mtoto aliyeshika kitu asichotaka kukionyesha. Lakini hayo yangevumilika. Lililomfanya Concy asimame mlangoni bila kuingia ni kwamba miche yote, ya nyanya kwa ya kabichi, mamia kwa mamia, ilikuwa imeinama upande mmoja. Juu kulikuwa na jua tele, lakini hakuna hata mche mmoja uliotazama juu. Yote ilikuwa imenyoosha shingo kuelekea kidirishani, kama umati wa watu waliosikia jina lao likiitwa.

Akajipa moyo. Akageuza trei moja baada ya nyingine, miche ikatazama ukuta wa nyuma. "Haya, kaeni hivyo," aliiambia.

Kesho yake baada ya shule alikuta imegeuka. Kila shina lilikuwa limejikunja katikati kama kiwiko, na kila kichwa kimerudi kidirishani. Hapakuwa na upepo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba aliyoifunga mwenyewe.

"Mnaangalia nini?" aliuliza Concy, na sauti yake ikatoka nyembamba kama miche yenyewe.

Akainama akachungulia ilikochungulia miche. Mbele yake, hatua nane tu, Mego Joska alikuwa ameketi kwenye kigoda, akiimba wimbo wake usio na maneno. Mzee yule akainua macho, akaona uso wa mtoto kidirishani, akatabasamu. Concy aliangusha kopo la maji akakimbia.

Alimwambia Moreen. Moreen alimwambia mama yake. Kwa kambi za polisi hiyo inatosha. Kabla ya giza kuingia kila kijumba kilikuwa na habari. Wanawake walikuja wawili wawili, wakachungulia mlangoni pa kitalu, wakaona ule mwanga mwekundu na zile shingo, wakarudi nyuma wakiwa wameziba midomo kwa khanga.

"Lajok," alisema mmoja, kwa Kiacholi. Mchawi.

"Anaiita. Si mnasikia anavyoimba?"

"Amezoea kushika wafu. Sasa vitu vilivyo hai vinamfuata."

Siku mbili baadaye kuku wa mtu alikufa. Kuku wa kambi ile walikuwa wakifa kila mwezi tangu daktari wa mifugo aahidi kuja, lakini safari hii hakuna aliyemkumbuka daktari. Asubuhi moja Mego Joska alifungua mlango akakuta mstari wa majivu umechorwa kuzunguka nyumba yake. Aliutazama kwa muda, akachukua fagio moja kati ya zile alizofunga, akafagia. Hakuna aliyemsalimia siku hiyo, wala iliyofuata. Watoto walipompita waliimba, "Miche njoo! Miche njoo!" halafu wakatimua mbio.

Concy hakuimba. Lakini pia hakusema kitu.

Konstebo Oyet alirudi Jumatano ya tarehe ishirini na saba, amechoka, vumbi la Karamoja limemjaa masikioni. Hakufika hata nyumbani. Majirani walimvuta mkono hadi kitaluni, wakamzunguka. Aliingia akiwa ameinama. Alipotoka, uso wake ulikuwa mgumu.

"Concy. Nailoni ya mama yako iko wapi?"

Concy alifungua mdomo kusema kweli. Kweli ilikuwa palepale ulimini, fupi tu, maneno manne. Lakini aliona macho ya watu, akaona mkanda wa baba yake, na uongo ukatoka mbele ukiwa umeshavaa viatu.

"Upepo uliichukua, baba. Mego Joska ndiye aliyenipa hii nyekundu."

Watu wakaguna kwa pamoja.

"Si nilisema!" alipaza sauti mama mmoja. "Nilisema au sikusema?"

Karatasi ikazunguka kambini usiku huo huo. Kufika asubuhi ilikuwa na majina arobaini na moja yaliyoomba mjane aondolewe. Mkuu wa kambi, Afande Abwola, alikuwa na barua ya kuomba mabati mezani kwake kwa miaka miwili, nayo ilikuwa bado inasubiri. Hii ya kumfukuza mama mzee haikusubiri hata chai ipoe. Ikatangazwa kwamba Jumamosi saa nne familia zote zikusanyike uwanjani, na Joska aje na mizigo yake.

Jioni ya Alhamisi Concy alimsikia baba yake akijisemea kizani, "Ndiye aliyemwosha mke wangu. Alimwosha kwa upole. Mimi sijui tena." Alikuwa hajatia sahihi, lakini alikuwa hajakataa pia.

Concy hakulala vizuri. Kulipokucha, siku ya Ijumaa Kuu, shule zikiwa zimefungwa, alichukua trei moja, akaifunika kwa kitambaa kama mtu anayebeba mgonjwa, na kipande cha nailoni nyekundu kilichobaki akakitia mfukoni. Akateremka kwa miguu hadi Nakasero.

Kando ya soko la Nakasero kulikuwa na mama Mkenya kutoka Bungoma, anaitwa Nasike, anayeuza mbegu na miche. Ndiye aliyekuwa akichukua miche ya mama yake Concy. Alikuwa mnene, mcheshi, na Kiswahili chake kilikuwa na haraka. Siku hiyo watu walikuwa wengi wakinunua chakula cha Pasaka.

"Shikamoo, anti Nasike."

"Marahaba, mtoto wa rafiki yangu. Mbona macho mekundu? Umeniletea nini?"

Concy alifunua kitambaa. Alitegemea anti Nasike aruke nyuma, ajifanyie ishara ya msalaba. Badala yake mama yule aliangua kicheko mpaka muuza vitunguu wa jirani akageuka.

"Ai! Hawa wamenyongwa na nani? Tazama shingo! Wanachungulia dirisha la jirani kama wambea!" Kisha akaacha kucheka. "Umeifunika na nini?"

Concy akatoa kile kipande mfukoni. Nasike akakiinua juani, akatazama kupitia kwake.

"Basi. Mimi nimefanya kazi miaka saba kwenye nyumba za maua kule Naivasha. Nailoni zilikuwa zinachaguliwa kama mahari. Kaa hapo. Sikuambii, nitakuonyesha, kwa sababu jambo la kuambiwa utalisahau."

Alichukua maboksi mawili madogo, akatoboa tundu moja ubavuni mwa kila boksi. Tundu la kwanza alilifunika kwa nailoni nyekundu ya Concy. La pili alilifunika kwa kipande cha mfuko wa plastiki wa buluu. Akaweka ndani ya kila boksi miche yake mwenyewe ya kabichi, mifupi, iliyosimama wima kama askari wapya, akafunga juu kabisa, akayaacha maboksi juani.

"Sasa nisaidie kuuza. Saa tisa tutafungua."

Saa zile zilikuwa ndefu kuliko mwezi. Concy alipima mbegu, akafunga vifurushi, na kila mara alipotazama maboksi alihisi kuna kitu ndani kinachojisogeza taratibu, bila sauti, ambacho hakuna jicho la mtu lingeweza kukikamata kikijisogeza. Na kweli kilikuwepo.

Saa tisa Nasike alifungua boksi la nyekundu. Miche ilikuwa imesimama wima vilevile, kama haikuona mwanga wowote ukibisha ubavuni. Akafungua la buluu. Concy aliziba mdomo. Kila mche ulikuwa umeinama, umeelekeza uso wake tunduni.

"Hapa hapana mchawi wala mganga," alisema Nasike. "Ni mimi, wewe na maboksi. Umeona?"

"Nimeona, lakini sielewi, anti. Inajuaje? Haina macho."

"Macho haina. Ina vipokezi. Ni vitu vidogo mno ndani ya mmea, huvioni hata ukivaa miwani ya profesa. Unajua mwanga wa jua ni rangi nyingi zilizochanganywa. Unaziona zikitengana kwenye upinde wa mvua. Vipokezi hivi kazi yao ni kungoja rangi ya buluu. Vingine vikiipata upande mmoja, vinaufanya mmea uinamie upande huo. Vingine vinapeleka habari ndani kabisa." Akamtazama. "Wewe ni mtoto wa kambi. Askari wa getini anafanya nini mgeni akifika?"

"Anapeleka habari ofisini."

"Haya. Ndani ya kila chembe ya mmea kuna ofisi, na ndani ya ofisi kuna maagizo ya namna ya kuishi. Maagizo hayo yanaitwa jeni. Si yote yanasomwa kila siku. Mwanga wa buluu ukifika, kipokezi kinapeleka habari, na maagizo mengine yanafunguliwa, mengine yanafungwa: acha kurefuka, nenepesha shina, kunjua majani, tengeneza kijani. Buluu isipofika, mche unadhani bado uko chini ya udongo, au chini ya kivuli cha mti mkubwa. Unarefuka, unarefuka, unatafuta. Hii nyekundu yako iliizuia buluu isipite juu. Ikapita wapi?"

Concy alikuwa ameshaona. "Kwenye kidirisha," alisema polepole. "Kidirisha kinatazama mlango wa Mego Joska."

"Angekuwa anakaa hapo askofu, ingemwinamia askofu. Sasa niambie, nani alikupa hii nailoni?"

Chozi la Concy lilidondoka kwenye trei, kati ya ile miche yenye viwiko. Kisha yote yakamtoka: mteremko, kigingi, Moreen, Kikuubo, uongo, majina arobaini na moja, na mkutano wa kesho saa nne.

Nasike alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia.

"Kesho nitakuja na maboksi yangu," alisema. "Habari za mwanga nitawaeleza. Lakini hata wakinielewa watasema, 'Sawa, si uchawi, ila ni yeye aliyempa mtoto nailoni mbaya makusudi.' Si ndiyo? Hapo mimi sina boksi la kufungua, mwanangu. Hapo ni wewe."

Jumamosi uwanja ulijaa. Afande Abwola alikaa kwenye kiti cha pekee kilichokuwa kivulini, kofia magotini. Mego Joska alisimama juani na furushi moja na kigoda chake. Hakuwa akiimba. Concy alitambua kwamba ukimya ule ulikuwa wa kutisha kuliko wimbo.

Afande alifungua karatasi. "Wananchi wa kambi hii wamelalamika, na sisi kama viongozi tunasikiliza wananchi..."

"Leo mnasikiliza!" alisema mtu nyuma, na watu wakakohoa ili wasicheke.

Concy aliinua mkono. Hakuna aliyeuona. Akatembea hadi katikati. Alimtazama baba yake, halafu akaacha kumtazama, maana angerudi nyuma.

"Mego Joska hakunipa nailoni," alisema. "Mimi nilidanganya. Ya zamani haikuchukuliwa na upepo. Niliipasua nikiteleza nayo mteremkoni. Hii nyekundu ilitoka Kikuubo."

Moreen akajitokeza kati ya watu, ameinamisha kichwa. "Na mimi nilikuwepo. Nilikaa mbele."

"Na hizo shingo?" alidai yule mama wa si-nilisema. "Nazo ziliteleza mteremkoni?"

Hapo Nasike akaja na maboksi yake, ambayo alikuwa ameyaweka juani tangu jua lilipochomoza, kwenye uzio wa kambi, na miche mipya ndani. Alifungua nyekundu, akafungua buluu, akaeleza kama alivyomweleza Concy, habari za askari wa getini na za ofisi inayofungua maagizo.

"Basi ofisi za kabichi zinafanya kazi kuliko za hapa," alisema yule yule wa nyuma, na safari hii watu walicheka wazi. Afande Abwola alitazama kofia yake.

Walikwenda hadi kitaluni, wakaona kidirisha. Konstebo Oyet alipanda juu ya pipa, akakata kamba, akaivuta nailoni nyekundu mpaka ikaanguka. Jua likamwagika juu ya miche. Kwa mwanga wa kawaida haikuwa na utisho wowote. Ilikuwa miche dhaifu tu iliyokuwa imetafuta kitu kwa nguvu zake zote. Mtu mmoja aliomba karatasi kwa Afande akafuta jina lake. Wa pili akafuata. Kalamu ikazunguka mkono kwa mkono hata ikaisha wino, na waliokosa wino wakayachana majina yao kwa kucha. Afande akasema jambo hilo limefungwa, Joska abaki nyumbani kwake, akaondoka haraka kama mtu anayewahi mkutano.

Mchana ule Oyet na binti yake walitandaza nailoni mpya, inayopitisha mwanga wote. Concy alingoja mkanda. Haukuja.

"Kupasua nailoni ni kosa la dakika moja," alisema baba yake, akikaza fundo. "Ningekasirika, ningekuchapa, jioni tungekula. Lakini uliuficha ukweli, na ukweli ukifichwa watu hawakai bila kitu. Wanarefuka wakitafuta, na wanainamia popote wanapoona upenyo, hata kama upenyo ni mlango wa mama asiye na kosa. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Na mimi pia nimekosa. Nilijua alivyomwosha mama yako, nikanyamaza kwa sababu wengi walikuwa wanapiga kelele."

"Miche hii itanyooka, baba?"

"Vichwa vitanyooka. Kona ya shina itabaki. Tutaipanda hivyo hivyo, chini zaidi kidogo."

Siku ya Pasaka majirani walikwenda mmoja mmoja hadi mlangoni kwa Mego Joska, na sahani za chapati na nyama, na maneno ya pole yaliyofanana. Concy alikuwa wa kwanza kupiga magoti mbele yake kuomba msamaha, na mzee yule alimwinua kwa mkono wenye harufu ya nyasi kavu, akamwambia amekwisha kumsamehe tangu alipotembea katikati ya uwanja. Kwa watu wazima hakuwa mwepesi hivyo. Alipokea sahani zote, akazipanga chini kwa utaratibu, akaketi kwenye kigoda chake. Walisimama mbele yake, wengi, wamejaza nafasi yote mpaka kitaluni.

"Mimi sikusoma," alisema. "Habari za buluu nimezisikia jana kama ninyi. Lakini tangu mume wangu afe, hapa mlangoni pangu hakuna anayepita kuniuliza nimeamkaje. Halafu mkaona miche, mamia, yote imeelekea kwangu. Mkasema ninaiita. Mkasema ninailoga." Akawatazama, uso kwa uso, bila haraka. "Mbona hakuna hata mmoja wenu aliyefikiri kwamba labda inanisalimia tu?"